Mtu Wako Akifungwa Ng'ambo, Anza na Daftari

Simu ililia saa nane kasoro usiku, namba ndefu inayoanza na 966. Jirani yangu wa Maweni, mama mtu mzima, aliipokea akidhani ni mwanawe anampa habari ya pesa za mwezi. Sauti ilikuwa yake kweli, ila ya chini. "Mama, nimehukumiwa. Walisoma Kiarabu, sikuelewa yote. Mwambie mjomba." Simu ikakatika. Sekunde arubaini, labda hamsini. Alikaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri, simu mkononi, akingoja ilie tena.

Kulipokucha alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alipanda matatu pale Kongowea akavuka daraja hadi mjini kwa wakala aliyempeleka kijana, akakuta kufuli. Akaenda kwa mkubwa mmoja, jina la mwanawe likaandikwa kwenye karatasi, akaambiwa, "Tunalishughulikia, mama." Akarudi nyumbani kungoja. Aliponijia na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi, miezi mitatu ilikuwa imepita. Nikamuuliza hukumu ilitolewa tarehe ngapi. Hakujua. Nikamuuliza siku ya mwisho ya kukata rufaa ilikuwa lini. Akanitazama tu. Siku hiyo ilikuwa imepita zamani.

Tangu hapo nimewasindikiza wengine watatu wanne, wa Ziwa la Ng'ombe, wa Bombolulu, na mmoja aliyevuka feri kutoka Likoni kunitafuta. Kila mmoja alikuja na ombi lile lile kwa serikali: mwokoeni mwanangu. Ni ombi la haki na machozi yake ni ya haki. Lakini afisa aliyeketi Nairobi au Riyadh hana uwezo wa kufungua mlango wa jela ya watu. Ana kalamu na simu, anaweza kuiandikia wizara ya nchi ile, na ana ruhusa ya kuingia gerezani kumwona raia wake. Mwombe kimoja katika hivyo, kwa jina, kwa namba na kwa tarehe, na itamuwia vigumu kukataa. Mwombe yote kwa mpigo na atakuitikia kwa upole, na wewe utangoja.

Kwa hiyo nunua daftari, lile la kurasa 200 la watoto wa shule. Kila simu iandikwe humo: siku, saa, nani alipiga, alisema nini, alikuahidi nini, lini. Ukienda ofisini andika jina la uliyezungumza naye na cheo chake. Daftari hilo ndilo litakalosema siku utakapokuwa umechoka na kuchanganyikiwa, nawe utachoka, maana kesi hizi huenda miaka.

Kisha andika maswali sita kwenye karatasi, uibandike ukutani mahali pa kuonekana hata usiku. Uko gereza gani? Ulikamatwa tarehe gani? Wanasema umefanya kosa gani? Namba ya kesi ni ngapi? Mwisho wa rufaa ni lini? Umeomba kuonana na ubalozi wa Kenya? Simu ya mfungwa ni fupi na inakuja wakati usiotazamiwa. Mama akilia sekunde thelathini za mwanzo, na baba akianza kulaumu, simu imekwisha. Wafundishe wote nyumbani, hata mtoto wa darasa la sita, kwamba atakayeipokea anauliza maswali hayo kwanza na salamu baadaye. Na laini ile ya simu isibadilishwe wala isiachwe ikafa. Namba aliyoihifadhi kichwani ndiyo kamba pekee aliyonayo ya kufika nyumbani.

Nitakaa kidogo kwenye jina, kwa sababu huko nimeona watu wakipotea kabisa. Sisi wa Pwani majina yetu yana sura nyingi. Nyumbani anaitwa kwa jina la utani, kwenye kitambulisho ana jina lake na la baba, kwenye pasipoti limeongezwa la babu, na karani wa jela ya Ghuba ameliandika kwa herufi za Kiarabu, mtu mwingine akalirudisha kwa herufi za Kizungu kwa namna yake. Mohamed anakuwa Muhammad, Mwinyi anakuwa kitu kisichotambulika. Afisa wa ubalozi akipiga simu magereza kuuliza, anajibiwa hayupo. Kinachomtambulisha mtu kule ni namba ya pasipoti, pamoja na namba ya kibali cha ukaazi, ile iqama. Tafuta nakala yake. Kama hukubaki nayo, ulizia kwa wakala, kwa rafiki waliyeishi naye chumba kimoja, kwenye picha alizotuma kwa simu. Chukua pia cheti chake cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho, maana ubalozi lazima uwe na hakika kwamba ni Mkenya kabla haujanyanyua mkono. Na kama aliingia nchi ile kwa pasipoti ya nchi nyingine, useme mapema. Wako watu wetu wenye uraia wa pande mbili, na nchi iliyompokea kama raia wa kwingine haina haja ya kuisikiliza Kenya.

Sasa siku za rufaa. China humpa aliyehukumiwa kwa jinai siku 10. Vietnam na Falme za Kiarabu ni siku 15. Saudia ni siku 30. Jinsi zinavyohesabiwa, kuanzia siku ya kusomwa au siku ya kukabidhiwa nakala, ni jambo la kumuuliza wakili wa huko siku hiyo hiyo. Ninachotaka ukione ni udogo wa namba zenyewe. Barua inayozunguka meza za Nairobi wiki tatu imekwisha kumpita mtu aliyefungwa Dubai. Kwa hiyo barua yako ya kwanza, hata kabla ya kulalamika kwamba kesi haikuwa ya haki, iombe jambo moja: rufaa iwasilishwe kabla ya siku kupita. Sababu zitajazwa na wakili. Mlango ukishafungwa, kuufungua tena ni kazi ya miaka.

Haki ya ubalozi kumfikia mtu wako si hisani. Imo katika Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, ambao Kenya na karibu dunia nzima zimo ndani yake. Ibara ya 36 inasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe, na akiomba ujulishwe. Maafisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumpangia wakili, na haki hiyo haikomi baada ya hukumu. Nchi kubwa zimeshtakiwa kwa kuipuuza. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliiambia Marekani kwamba iliwanyima haki hiyo Wamexico 51 waliokuwa wamehukumiwa kifo, na kwamba hukumu zao zipitiwe upya. Mwaka 2019 ikaiambia Pakistan hivyo hivyo juu ya raia wa India aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi.

Lakini tazama neno "akiomba". Mfungwa ndiye anayeomba. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui, au wanaogopa, au wameambiwa na polisi kwamba ubalozi utawaongezea matatizo. Ukimpata kwenye simu mwambie aseme kila siku, kwa kila askari, kwamba anataka ubalozi wa Kenya. Kwa Kiarabu neno ni "sifara", halitamshinda. Tena aandike karatasi fupi na kuitia sahihi, kwamba anakubali ubalozi uwape familia habari zake na kwamba amemruhusu wakili fulani kumtetea. Bila karatasi hiyo afisa anaweza kukujibu kwamba habari za mfungwa ni siri yake, naye atakuwa na haki kusema hivyo.

Kama hakuna ubalozi wetu nchini humo, upo wa jirani unaoisimamia. Mkenya mwenzetu alipohukumiwa kifo Ho Chi Minh City mwezi Machi 2025 kwa kupatikana na dawa za kulevya, ubalozi wetu uliomhusu ulikuwa Bangkok, nchi nyingine kabisa. Alikuwa amekamatwa Julai 2023. Nchi nzima ilimjua baada ya hukumu. Mtandao mzima ulichemka wiki moja, wakubwa wakapiga simu Hanoi kuomba asiuawe, na wakati huo wote nilikuwa nikiihesabu ile miezi 20 ya kati, wakati ushahidi ulipokuwa ukikusanywa na shahidi wa upande wake angeweza kutafutwa. Serikali yoyote husema, na husema kweli, kwamba haiwezi kuingilia mahakama ya nchi nyingine. Kabla ya hukumu, hata hivyo, kuna mengi yasiyo kuingilia: kuketi ndani ya mahakama kama msikilizaji, kuuliza kama mkalimani anaijua lugha ya mshtakiwa, kuuliza kwa nini wakili amekutana naye mara moja tu. Mgeni ni kuku mweupe, na hakimu akiona afisa wa ubalozi ameketi nyuma na kalamu yake, kuku huyo hachinjwi kiholela.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Juu weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, gereza, mahakama, namba ya kesi. Halafu ombi lenyewe, na mimi hupenda liwe hivi: "Naomba afisa wa ubalozi amtembelee mwanangu katika gereza hilo kabla ya tarehe kumi na tano mwezi huu, achukue nakala ya hukumu, amuulize kama alikuwa na mkalimani na wakili, na anijulishe kwa maandishi siku ya mwisho ya rufaa." Basi. Historia ya utoto wake, mashairi ya uchungu, lawama kwa serikali, viwekwe kwenye ukurasa mwingine kama lazima viwekwe. Ipeleke ubalozini kwa barua pepe, na ipeleke Nairobi, Wizara ya Mambo ya Nje na Masuala ya Diaspora, kwa anwani ya Idara ya Diaspora ambayo kazi yake ni hii. Ukiweza kumpata mtu wa kuipeleka kwa mkono Harambee Avenue, abebe nakala mbili na arudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri una thamani. Miezi sita baadaye mtu akikwambia hakuna barua iliyofika, unafungua faili na kumwonyesha.

Usione haya kuandika Kiswahili. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inasema ni lugha rasmi, na mama wa Maweni asifanywe bubu mbele ya serikali yake kwa kukosa Kiingereza. Ila ambatisha na ya Kiingereza, kwa kuwa karatasi hiyo itasomwa pia na wageni, na kijana wa saiba akikuandikia, msomee kwa sauti kila tarehe na kila namba kabla hajachapisha.

Ukikaa bila jibu, usirudi kuomba. Dai. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa kila Mkenya haki ya kuiuliza ofisi ya umma ina habari gani, nayo ijibu ndani ya siku 21. Na pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Mtu aliye gerezani, uhuru wake ndio jambo lenyewe. Andika juu ya barua, kwa herufi kubwa, kwamba ombi linahusu uhuru wa mtu na kwamba unaomba jibu kwa saa 48 chini ya Kifungu cha 9. Uliza: je, ubalozi umejulishwa kwamba amekamatwa? Umemtembelea lini? Umeandikia nani? Wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya serikali, ambayo ipo hapa Mombasa. Nimeona barua ya namna hii ikizaa simu kutoka Nairobi siku ya tatu, baada ya ukimya wa mwaka mzima.

Nije kwenye kesi isiyo ya haki. Hapa lazima nizungumze waziwazi, maana wazazi hukasirika. Kusema "mwanangu ni mpole, hawezi" hakumsaidii. Dunia nzima ina mama anayesema hivyo. Kinachosaidia ni kuonyesha mahali mahakama ilipokosea njia. Alipoandikisha maelezo polisi, alikuwa na mkalimani? Alitia sahihi karatasi ya lugha asiyoisoma? Alipigwa, na alama zilionwa na nani, daktari gani? Wakili alimwona lini mara ya kwanza? Mashahidi aliowataja waliitwa? Alipewa nakala ya hukumu? Hata aliyetenda kosa ana haki ya mambo hayo, na huna haja ya kudanganya kwamba hakutenda ili uyadai. Uongo wa familia ukigunduliwa, afisa aliyekuwa upande wako anajiondoa taratibu.

Mtazame Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi nchini Qatar na aliyeandika mtandaoni juu ya maisha ya vibarua wenzake. Alichukuliwa Mei 2021, akafungiwa peke yake wiki kadhaa, na baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa amri iliyotolewa bila yeye kuwepo mahakamani. Waliompigania hawakusema tu kwamba ni kijana mwema. Walisema: hakuwa na wakili alipohojiwa, hakupelekwa mbele ya hakimu, hakuambiwa kesi yake ilisikilizwa lini. Kila sentensi ingeweza kuthibitishwa au kukanushwa. Agosti mwaka ule ule alitoka Qatar.

Qatar imeingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Ibara yake ya 14 inataja mkalimani wa bure, wakili, muda wa kujiandaa na haki ya rufaa. Saudia na Falme za Kiarabu hazimo. Kwa hiyo ukiwa na mtu Jeddah usimkabe hakimu kwa mkataba ambao nchi yake haikuutia sahihi. Muulize wakili wa huko sheria yao wenyewe ya mwenendo wa kesi za jinai inasemaje, ushikilie hapo.

Na pale pana damu ya mtu, njia hubadilika kabisa. Mkenya Stephen Munyakho alikuwa akifanya kazi Saudia, na mwaka 2011 akagombana na mwenzake wa kazini, raia wa Yemen, ambaye alikufa. Kwanza alihukumiwa miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2014, baada ya familia ya marehemu kukata rufaa, hukumu ikawa kifo. Mama yake, Dorothy Kweyu, ni mwandishi wa habari mkongwe wa Kenya, mtu anayejua milango ya Nairobi kuliko wengi wetu, na hata hivyo ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Warithi wa marehemu walikubali dia, yaani fidia ya damu, ya riyali milioni 3.5, zaidi ya shilingi milioni 120 zetu. Siku ya kuuawa ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena Novemba 2024, ikaahirishwa tena. Machi 2025 Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, ile Rabita yenye makao Makka, ikalipa dia yote. Julai akaachiwa.

Watu wengi waliisoma habari hiyo kama muujiza. Mimi naisoma kama mgawanyo wa kazi. Serikali haikulipa, wala haikuweza kusamehe, kwa sababu katika sheria ile mwenye kusamehe kisasi ni mrithi wa damu, hata mfalme humngoja. Kilichofanywa na serikali ni kununua muda, mwezi baada ya mwezi, kwa barua na simu za kuomba siku isogezwe. Ndani ya muda huo mama alizungumza na kila aliyekuwa tayari kusikiliza, jumuiya za Kiislamu zikaingia, na mwenye uwezo akapatikana. Basi ukiwa na kesi ya kisasi, ombi lako kwa wizara liwe hilo hasa: iombeni nchi ile isogeze siku ili maongezi ya sulhu yaendelee. Upande wa sulhu watafute masheikh na makadhi wanaofahamika kule. Usiwapigie warithi wewe mwenyewe kwa pupa, na pale mlango utakapofunguliwa, neno la kwanza liwe pole kwa maiti wao. Nimesikia familia ikianza kwa kuuliza bei. Ile simu haikupokelewa tena.

Swali ninaloulizwa kila mara: tupige kelele au tunyamaze? Ofisi nyingi zitakwambia unyamaze, diplomasia ya kimya kimya ndiyo inayofaa. Wakati mwingine ni kweli. Mfalme au amiri anayefikiria kutoa msamaha mwezi wa Ramadhani hapendi kuonekana amesukumwa na makelele ya mtandaoni. Lakini ukimya usio na tarehe ni kaburi. Mimi huwaambia watu wakubali kunyamaza mpaka siku fulani iliyoandikwa, na wamwambie afisa siku hiyo ni ipi. Ikifika bila kitu, wazungumze, na waelekeze maneno yao kwa serikali yetu, ambayo ina wajibu kwao, bila kumtukana hakimu wala dini wala taifa lililomshika mtu wao.

Pana hali moja ambayo ukimya ni hatari tangu saa ya kwanza: mtu akitoweka na hakuna anayekiri kuwa naye. Wanaharakati wa Kenya Bob Njagi na Nicholas Oyoo walichukuliwa Uganda tarehe 1 Oktoba 2025, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekubali kuwashika. Kelele hazikukatika Kenya, na tarehe 8 Novemba walirudishwa mpakani Busia. Mwezi Mei mwaka ule ule mwanaharakati mwingine wa Kenya, Boniface Mwangi, aliyekuwa amekamatwa Dar es Salaam, alipatikana hapa kwetu Ukunda. Mtu asiye na namba ya kesi wala gereza ananusurika kwa kutajwa. Sisi wa Nyali tunapita kila siku pale Frere Town, mtaa ulioanzishwa 1875 kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele yake ipo bado njia panda. Iliwekwa ipigwe hatari ikionekana, kabla watu hawajabebwa.

Kuwa mwangalifu tu na maneno ya kelele zenyewe. Nazanin Zaghari-Ratcliffe, raia wa Uingereza na Iran, alikuwa amefungwa Iran tangu 2016 na familia ikisema alikwenda likizo kwa wazazi wake. Novemba 2017 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Boris Johnson, akaieleza kamati ya Bunge kwamba mama huyo alikuwa akifundisha watu uandishi wa habari. Siku chache baadaye mama yule aliitwa mbele ya hakimu Tehran, na maneno ya waziri yakatumika dhidi yake. Alirudi Uingereza mwaka 2022. Ndiyo maana ninasisitiza ukurasa mmoja wenye maneno yaliyohakikishwa. Mpe mbunge, mpe mwandishi, mpe imamu na mchungaji, na waombe wasiongeze hata neno.

Kuhusu mbunge: mfuate, lakini usitosheke na picha. Mwombe aulize swali rasmi bungeni kwa waziri, au awasilishe ombi lako chini ya Ibara ya 119 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kulielekea Bunge. Swali likishaingia kwenye kumbukumbu za Bunge, wizara lazima ijibu, na jibu hilo ni karatasi nyingine kwenye faili lako. Hapa Mombasa kuna pia mashirika ya haki za binadamu, Haki Africa na MUHURI, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Wamezibeba kesi za namna hii miaka mingi na wanajua kuandikia Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kinachochunguza watu waliofungwa kiholela. Kikundi hicho hupokea malalamiko ya familia moja kwa moja, tena hakikulazimishi umalize mahakama zote za kule kwanza.

Kama jela ni ya jirani, Kampala, Juba, Arusha, Kigali, ipo Mahakama ya Afrika Mashariki. Wakenya wanne walipohukumiwa kifungo cha maisha Juba mwezi Juni 2016 katika kesi ya fedha za ofisi ya rais, jamaa zao waliandamana Nairobi wakilia kwamba haki haikutendeka. Yeyote anayeishi nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali pale Arusha bila kumaliza kwanza mahakama za nchi ile. Lakini muda ni miezi miwili tangu kitendo au tangu ulipokijua. Miezi miwili hupita ukiwa bado unazunguka ofisi.

Na kuna siku, Mungu apishe mbali, mkono uliomtoa mtu wako ni wa serikali yake yenyewe. Mohammed Abdulmalik alikamatwa hapa Mombasa Februari 2007, mwezi uliofuata akawa katika jela ya Marekani ya Guantanamo, na alikaa humo bila kushtakiwa hata siku moja mpaka Desemba 2024. Karibu miaka 18. Katika hali hiyo barua kwa wizara haitoshi. Siku hiyo hiyo aliposhikwa, kabla hajavushwa, wakili akimbilie Mahakama Kuu kuomba afikishwe mbele ya jaji. Akishavushwa, kila kitu ni kizito mara mia.

Pesa. Watakupigia watu. Mmoja atasema ni askari wa jela, mwingine wakili, mwingine ana shemeji ubalozini, na wote wataomba utume kwa simu leo kabla ya magharibi. Usitume. Uliza jina la wakili na namba yake ya leseni, upeleke ubalozini waulize kama yupo, kisha mkataba uandikwe. Ubalozi hautakulipia wakili, lakini unaweza kukupa majina ya wanaotambulika. Mkifanya mchango, akaunti iwe na watia sahihi watatu, mmoja asiwe wa ukoo, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Michango mingi hufa kwa minong'ono.

Akiwa ndani miaka inakwenda, zipo kazi ndogo zisizopaswa kulala. Kama ana sukari au pumu, cheti cha daktari kitafsiriwe na kipelekwe ubalozini ili dawa ziulizwe kila ziara. Kabla ya Ramadhani na kabla ya sikukuu za kitaifa za nchi za Ghuba hutolewa misamaha kwa wafungwa, kwa hiyo ombi la jina lake kuingizwa lipelekwe miezi mitatu kabla, wala si wiki ya mwisho. Na Kenya ina sheria ya kuhamisha wafungwa ya mwaka 2015, ambayo inaweza kumleta mtu amalizie kifungo nyumbani. Hukumu lazima iwe ya mwisho, nchi zote mbili zikubali, na yeye mwenyewe akubali. Uliza kama nchi ile ina makubaliano na yetu. Kuna wazazi ambao kumsogeza mtoto wao mpaka gereza la Shimo la Tewa, wakaenda kumwona kwa matatu na kurudi jioni, kungewapa usingizi wa kwanza baada ya miaka.

Jirani yangu sasa ana daftari la pili. Maswali yake yako ukutani juu ya friji, karatasi imekuwa ya manjano kwa moshi wa jiko. Juma lililopita nilikuwa kwake simu ilipolia, safari hii kutoka ubalozini, mtumishi mpya asiyemjua. Kijana yule alianza kwa kusema atalitafuta faili. Mama akavaa miwani, akafungua ukurasa uliokunjwa pembe, akaanza kumsomea polepole: namba ya pasipoti, namba ya kesi, tarehe ya barua ya mwisho na jina la aliyeipokea. Akamwambia, "Andika, mwanangu, nitangoja."